Ushuru Sifuri, Betri Zimekwama Embakasi: Uchambuzi wa Kisa cha Kontena Moja la Sola

Kontena la futi 40 liliteremshwa kutoka kwenye treni katika bohari ya kontena ya Embakasi, Nairobi, siku ya 61 tangu mwagizaji alipe rubuni (malipo ya awali) kwa muuzaji wa Shenzhen, China. Ndani yake mlikuwa na paneli 310 za wati 550, betri 120 za lithiamu za kilowati-saa 5.12 kila moja, na inveta 60 za kilowati 5. Mpango ulikuwa kontena litoke ndani ya siku tatu. Lilitoka siku ya 87, yaani siku 23 baada ya tarehe iliyopangwa, na halikuwa na deni hata la shilingi moja ya ushuru wa forodha.

Kisa hiki tumekiunda kwa makusudi kutokana na makosa yanayojirudia katika mizigo ya sola. Bei za bidhaa, hesabu ya siku, gharama za kila siku na ada za maabara ni za mfano, ili msomaji aziondoe na kuweka zake. Sheria, viwango vya kiufundi na asilimia za serikali ni za kweli, ila asilimia hubadilika karibu kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo ziangaliwe upya siku ya kuagiza.

Thamani ya mzigo

Paneli 310 kwa dola 60 ni dola 18,600. Betri 120 kwa dola 600 ni dola 72,000. Inveta 60 kwa dola 340 ni dola 20,400. Jumla ni dola 111,000 bandarini China. Ukiongeza nauli na bima ya dola 6,000, thamani ya forodha inafika dola 117,000.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, pamoja na betri za mzunguko mrefu zinazotumia au kuhifadhi umeme wa jua. Kilichobaki ni ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ambayo hapa ni dola 2,925, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, yaani dola 2,340. Hizo zinajulikana mapema na mfanyabiashara huziweka kwenye bei bila kulalamika. Kilichoharibu hesabu hakikuwa na asilimia.

Ripoti ya seli iliyopewa jina la betri

Tangu Septemba 2005, Kenya inataka bidhaa zikaguliwe nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Kampuni ya ukaguzi iliyoteuliwa na shirika la viwango, KEBS, hupitia ripoti za maabara, hukagua mzigo ghalani kwa muuzaji, kisha hutoa cheti cha ulinganifu, yaani uthibitisho kwamba bidhaa zinafikia viwango vinavyotakiwa. Ziko njia tatu. Njia A ni ya kila mzigo peke yake, ikiwa na upimaji na ukaguzi, na ndiyo anayoangukia mwagizaji wa mara ya kwanza. Njia B ni ya bidhaa zilizosajiliwa, na Njia C ni ya viwanda vilivyopewa leseni baada ya kukaguliwa.

Mwagizaji wetu alifungua tamko la uagizaji kwenye mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, mtandao wa serikali wa kupeleka hati za biashara mahali pamoja, siku ya 12, jambo jema. Maombi ya cheti yalipelekwa kwa kampuni ya ukaguzi siku ya 20. Siku ya 27 jibu likaja: paneli sawa, inveta sawa, betri zina swali.

Swali lenyewe lingeweza kuonekana na yeyote aliyefungua ripoti badala ya kutazama muhuri wa jalada. Betri ya lithiamu ya aina hii ina seli 16 za volti 3.2 zilizounganishwa mfululizo, ndipo ikapatikana volti 51.2. Ukizidisha kwa amperi-saa 100, hizo ni wati-saa 5,120. Ripoti ya IEC 62619, kiwango cha usalama wa betri za lithiamu za matumizi ya kiwandani na za kuhifadhi umeme, ilionyesha kwenye ukurasa wa maelezo ya sampuli: volti 3.2, amperi-saa 100. Hiyo ni seli, na betri nzima haikuguswa. Hakuna aliyepima bodi ya usimamizi inayokata umeme betri inapozidishwa chaji au inapopata joto, na ndiyo kinga kuu kati ya hitilafu ndogo na moto sebuleni.

Hati ya pili iliunga mkono shaka hiyo. Kila betri ya lithiamu inayosafirishwa hudaiwa majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayojulikana kama UN 38.3, na tangu 1 Januari 2020 mtengenezaji anatakiwa kuwa na muhtasari wake wa kutoa anapoombwa. Majaribio ni manane, T1 hadi T8. Seli zinazochajiwa hupitia T1 hadi T5, kisha T6 la kupondwa au kugongwa na T8 la kulazimishwa kuisha chaji. Betri iliyounganishwa hupitia T1 hadi T5, kisha T7 la kuzidishwa chaji. Muhtasari uliotumwa ulikuwa na T6 na T8, bila T7. Anayejua kusoma mistari hiyo miwili hahitaji mhandisi. Wakala wa forodha, alipoipokea baadaye, alimwandikia mteja wake sentensi moja: "Mama, karatasi hii ni ya seli, si ya betri uliyonunua."

Kulikuwa na tofauti nyingine ndogo zaidi, nayo ilikula siku nne. Ripoti iliandika modeli moja, invoisi iliandika ile ile lakini ikiongezewa herufi mbili mwishoni. Muuzaji alituma barua yake mwenyewe kusema ni kitu kimoja. Barua ya muuzaji haina uzito hapo. Inayokubalika ni ya maabara iliyopima, ikitaja modeli zote za familia hiyo na tofauti baina yake. Jina la mwenye ripoti nalo lilikuwa la kiwanda, ilhali mpeleka mzigo alikuwa kampuni ya biashara. Jambo hilo ni la kawaida na hutatuliwa kwa barua ya kiwanda inayomtaja muuzaji, mradi iombwe kabla meli haijafunga kupokea mizigo.

Meli ilifunga siku ya 30. Muuzaji, akiogopa kulipia nafasi iliyopotea, alipakia kila kitu. Cheti cha ulinganifu kikatolewa kwa paneli na inveta tu. Betri zikaondoka bila cheti, ndani ya kontena lile lile.

Kwa nini kontena moja lilikuwa kosa

Betri za lithiamu ni shehena hatari ya daraja la 9, namba UN 3480 zikisafirishwa peke yake, na UN 3481 zikifungashwa pamoja na kifaa. Ukiziweka kwenye kontena la paneli, kontena zima linakuwa shehena hatari: tamko maalumu kwa meli, lebo pande zote nne, ada ya ziada, na uwezekano wa kupangwa eneo tofauti bandarini.

Ubaya mkubwa zaidi ni wa kisheria. Hati ya shehena ilikuwa moja, kontena moja, ingizo moja la forodha. Cheti kilichokosekana kwa betri kilifunga paneli na inveta ambazo hazikuwa na kosa lolote. Paneli kilowati 170.5 zilikaa zikisubiri. Kama betri zingekuja kwenye kontena la futi 20 lenye hati yake, paneli zingekuwa dukani siku ya 64. Hata kama kontena hilo la pili lingegharimu dola 2,000 za ziada, tutaona hapa chini kwamba ingekuwa nafuu.

Embakasi, siku ya 61 hadi ya 87

Mzigo unapofika bila cheti, kanuni za uthibitishaji za 2020 zinaruhusu ukaguzi ufanyike hapa nchini kwa ada ya asilimia 5 ya thamani ya forodha. Sehemu ya betri katika thamani hiyo ni karibu dola 75,900, kwa hiyo ada ni dola 3,795. Sampuli mbili za betri zilichukuliwa na kupelekwa maabara. Tuseme upimaji na usafirishaji wake ni dola 900. Betri iliyopitia jaribio la kuzidishwa chaji haiuziki tena, kwa hiyo weka dola 1,200 za betri mbili.

Halafu kuna saa inayotembea. Watu wengi huita kila kitu "demareji", yaani tozo ya kuchelewa, lakini mifuko ni mitatu na kila mmoja una mwenyewe. Bohari hutoza ada ya kuhifadhi baada ya siku za bure. Kampuni ya meli hutoza kwa kontena lililokaa ndani ya bohari kupita muda wake. Kontena likishatoka, kampuni hiyo hiyo hutoza kila siku hadi lirudishwe tupu. Muda wa bure wa mifuko hii haulingani, na wa kampuni ya meli unaweza kuongezwa ukiuomba kwa maandishi kabla ya kupakia. Kuuomba baada ya kukwama ni kupoteza muda. Tuchukue dola 60 kwa siku kwa jumla: siku 23 ni dola 1,380.

Mkopo wa benki nao haulali. Dola 117,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, siku 23, ni dola 1,032.

Jumlisha: 3,795, 900, 1,200, 1,380 na 1,032. Ni dola 8,307. Ukiubebesha mzigo huo betri 118 zilizobaki, kila betri imeongezewa dola 70.40, yaani asilimia 11.7 ya bei yake ya ununuzi. Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki una bendi, yaani viwango, za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Betri iliyoandikwa sifuri kwenye kitabu imelipa zaidi ya bendi ya 10 kabla haijatoka langoni.

Sasa chukua mfanyabiashara mdogo wa barabara ya Luthuli anayeleta betri 12 tu. Maabara haimpunguzii bei kwa sababu mzigo wake ni mdogo, na sampuli ni mbili zile zile. Dola 2,100 zinagawanywa kwa betri 10 zilizobaki: dola 210 kila moja, asilimia 35 ya bei. Hiyo ndiyo bendi ya juu kabisa ya ushuru wetu, ile iliyowekwa kukinga viwanda vya nyumbani. Hatua ya kiufundi isiyotofautisha betri 12 na betri 1,200 humtoza mdogo mara nyingi zaidi, bila mtu yeyote bungeni kuipigia kura. Kwetu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo linaloachwa nje ya mijadala mingi ya biashara ya kijani.

Neno moja kwenye invoisi

Hatari nyingine ilikaribia na ikapita, lakini inafaa kuhesabiwa. Invoisi ya muuzaji iliandika "mfumo wa kuhifadhi nishati". Tamko la uagizaji likaandika "betri ya lithiamu". Msamaha wa Jedwali la Tano unataja betri za mzunguko mrefu zinazohifadhi umeme wa jua. Betri ya volti 51.2 iliyounganishwa na inveta ya aina mseto inaweza kuchajiwa na jua, na inaweza kuchajiwa na umeme wa gridi usiku. Afisa akiuliza, "Hii ni ya sola au ni ya kujikinga na umeme kukatika?", hajauliza swali la kijinga.

Kama jibu lingekosekana na betri zikawekwa kwenye bendi ya asilimia 25, inayobeba bidhaa nyingi zilizokamilika, ushuru ungekuwa dola 18,975, au dola 158 kwa kila betri. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya hasara yote ya ukaguzi. Kilichookoa mzigo ni kwamba inveta zilikuwa kwenye ingizo hilo hilo, na mwagizaji alikuwa na mchoro wa mfumo unaoonyesha paneli, inveta na betri zikiwa zimeunganishwa pamoja na karatasi ya kiwanda inayotaja idadi ya mizunguko. Ndiyo faida pekee ambayo kontena moja lilileta. Ukitenganisha makontena, beba mchoro huo katika faili zote mbili.

Maelezo ya bidhaa yanatakiwa yafanane neno kwa neno katika invoisi, orodha ya ufungashaji, tamko la uagizaji, cheti cha ulinganifu na ingizo la forodha. Namba za ainisho, zinazotumiwa na forodha duniani kupanga bidhaa, katika mzigo huu ni 8541.43 kwa paneli zilizounganishwa, 8507.60 kwa betri za lithiamu na 8504.40 kwa inveta. Ya paneli inakosewa sana kwa sababu kabla ya marekebisho ya ainisho ya dunia ya 2022 paneli zilikuwa chini ya 8541.40, na violezo vya wauzaji wengi bado vina namba hiyo ya zamani.

Kwa mwenye shaka ya kweli, upo uamuzi wa awali: unaiandikia forodha kabla ya kuagiza, ukiambatanisha vielelezo, na unapata jibu la maandishi kuhusu ainisho. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa Kurahisisha Biashara, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unaudai kwenye kifungu cha 3. Kifungu cha 7.3 kinaruhusu mzigo kutolewa kwa dhamana huku mzozo wa ushuru ukiendelea. Na mwagizaji asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe upya chini ya kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya jumuiya. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Kupiga simu na kulalamika langoni hakusimamishi saa hiyo.

Je, ukaguzi wenyewe ndio kikwazo?

Hapa tunatofautiana na wanaotaka ukaguzi uondolewe. Hatua isiyo ya kiforodha, yaani sharti la biashara lisilo ushuru, na kikwazo kisicho cha kiforodha ni vitu viwili. Uainishaji wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, unapanga hatua hizi kwa herufi A hadi P, na nyingi ni halali kabisa: afya, usalama, ukweli wa lebo, mazingira. Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi vya Biashara wa 1995, kifungu cha 2.2, unazitambua shabaha hizo, kisha unaweka mpaka: kanuni isibane biashara kuliko inavyohitajika kutimiza shabaha yake.

Kenya ina sababu ya kuogopa soko lisilopimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati maelfu ya familia za mashambani zilipokuwa zikinunua paneli ndogo za silikoni ya amofasi kwa fedha taslimu, vipimo huru vilionyesha kwamba baadhi ya chapa zilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa nyuma ya paneli. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua. Alichojua ni kwamba taa ilizimika mapema, na mwaka uliofuata alimwambia jirani sola ni uongo. Bidhaa mbaya ya kijani huua soko la bidhaa nzuri ya kijani.

Mombasa nayo ina somo lake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwatia sumu wakazi, na Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliopingwa katika rufaa na kufika hadi Mahakama ya Juu. Betri za lithiamu zikipanda bei kwa dola 70 au 158, mnunuzi wa Kitengela haachi kununua betri. Anarudi kwenye betri ya asidi na risasi, ambayo katika kazi ya sola ya kila siku huchoka mapema zaidi, na baadaye lazima mtu aiyeyushe mahali fulani. Kikwazo kilichowekwa kwa ajili ya usalama kinaweza kuihamisha hatari kutoka sebule moja hadi kijiji kizima.

Kwa hiyo swali lililoulizwa siku ya 27 lilikuwa sahihi. Betri zisizopimwa bodi hazikustahili kupita hivi hivi. Kilicho kikwazo ni mambo mengine: kutokuwepo kwa njia nyepesi ya mzigo mdogo wa modeli ambayo tayari imepimwa kwa jina la mwagizaji mwingine, na ripoti nzuri kutotambuliwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Betri hizo hizo zikiuzwa Kampala zinakutana na mpango mwingine wa ukaguzi wa shirika la viwango la Uganda. Bodi haijabadilika, seli ni zile zile 16.

Tunaongeza sheria zinazogeuka. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa vifaa vya sola, ile ya 2021 ikaurudisha, na ya 2023 ikaweka betri za sola na za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri. Msamaha na kiwango cha sifuri si kitu kimoja: kwenye kiwango cha sifuri mfanyabiashara hudai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye gharama zake, kwenye msamaha hadai. Mzigo ulioagizwa Aprili na kufika Julai unaweza kuvuka mwaka wa bajeti katikati ya bahari.

Geneva walijadili asilimia

Azimio la Doha la 2001 la Shirika la Biashara Duniani, lenye makao Geneva, aya ya 31(iii), liliagiza majadiliano ya kupunguza au kuondoa vikwazo vya ushuru na visivyo vya ushuru kwa bidhaa na huduma za mazingira. Nchi za APEC, jukwaa la uchumi la Asia na Pasifiki, zilikubaliana 2012 orodha ya bidhaa 54 za kushushiwa ushuru hadi asilimia 5 au chini ifikapo mwisho wa 2015. Mazungumzo ya Mkataba wa Bidhaa za Mazingira yalianza 2014. Washiriki walitarajia kupiga hatua hapa hapa Nairobi, kwenye mkutano wa mawaziri uliofanyika jumba la mikutano la KICC Desemba 2015. Haikuwezekana, na Desemba 2016 yakakwama.

Kiini cha mazungumzo hayo kilikuwa orodha na asilimia: baiskeli imo au haimo, kinu cha upepo imo au haimo. Kwa kontena letu, hata kama mkataba ungesainiwa pale KICC, hakuna senti ambayo ingeokolewa, maana ushuru ulikuwa sifuri tayari. Neno "visivyo vya ushuru" lilikuwa kwenye azimio tangu 2001, lakini ndilo lililopata muda mchache zaidi mezani.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kulalamika rasmi. Sheria ya Jumuiya ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya 2017, na mfumo wa mtandaoni wa kuripoti vikwazo unaotumiwa na jumuiya za kikanda za EAC, COMESA na SADC, ni vya biashara baina ya nchi wanachama. Mzigo wa Shenzhen haupeleki malalamiko huko. Mzigo uliounganishwa Nairobi na kuzuiwa Busia unapeleka, ukitaja tarehe, mahali, namba ya ainisho, hati iliyodaiwa na gharama. Kwa kanuni mpya ya kiufundi, mlango ni kituo cha maulizo cha mkataba wa vikwazo vya kiufundi, ambacho kwa Kenya ni KEBS. Rasimu hutangazwa duniani na kwa kawaida huachwa siku 60 za maoni. Waagizaji wa sola husoma kanuni hizo zinapoanza kutumika, wakati siku 60 zimekwisha.

Oda ya pili

Mwagizaji aliagiza tena betri 120. Safari hii, kabla ya rubuni, alidai faili nne na akazisoma mwenyewe: ripoti ya IEC 62619 yenye volti 51.2 kwenye ukurasa wa sampuli, kutoka maabara iliyoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara. Muhtasari wa UN 38.3 wenye T7. Barua ya maabara inayotaja modeli kama ilivyo kwenye invoisi. Na picha ya lebo ya betri, maana ukaguzi wa ghalani husoma lebo, hausomi barua pepe. Kwa paneli aliomba vyeti vya IEC 61215 na IEC 61730 vinavyotaja wati 550 ndani ya safu ya nguvu iliyopimwa, kwani cheti cha familia inayoishia wati 545 hakiifuniki.

Sharti la malipo lilibadilika pia. Asilimia 70 iliyobaki hulipwa baada ya nakala ya cheti cha ulinganifu kwa bidhaa zote kutumwa, si baada ya hati ya shehena. Muuzaji alikataa mara ya kwanza, akakubali alipoambiwa oda itaenda kwingine. Sharti hilo ndilo lililobeba uzito wote: mara ya kwanza muuzaji alipakia bila cheti kwa sababu hasara ya kukosa meli ilikuwa yake, na hasara ya kukosa cheti ilikuwa ya mwingine.

Maombi ya cheti yalipelekwa siku 21 kabla ya meli kufunga. Betri zilisafiri kwenye kontena lao la futi 20, na hati yake. Muda wa bure wa kontena uliombwa uongezwe siku ile ya kuweka nafasi melini.

Betri mbili za sampuli za mzigo wa kwanza bado zilikuwa stoo, Industrial Area, zikiwa na mkanda mwekundu. Haziendi kwa fundi wa kufungua seli, kwa sababu seli iliyozidishwa chaji inaweza kuwaka wiki kadhaa baadaye. Ziliwekwa kwenye sanduku kubwa la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na paneli na kuta za mbao, zikisubiri mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na ada ya kuzichukua ikaingizwa kwenye hesabu ya kontena lile la kwanza.